Mvuvi Asiyeleta Samaki Nyumbani

Kila Jumamosi mchana mke wangu alinisubiri mlangoni, na kabla sijavua viatu alikuwa ameshanishika kola ya koti na kuisogeza puani. Wake za watu wengine wananusa wakitafuta manukato ya mwanamke. Wangu alinusa akitafuta samaki, na asipompata ndipo vita vilipoanza.

"Haunuke samaki," aliniambia.

"Nilinawa mikono."

"Ulinawia wapi?"

Hebu lifikirie hilo swali. Mtu mzima amenawa mikono, anaulizwa amenawia wapi! Ningesema bwawani, angeniambia maji ya bwawa hayaondoi harufu ya samaki. Ningesema kwenye mkahawa, angetaka kujua mkahawa gani na nilikaa na nani. Nikanyamaza, na yeye akauchukua ule unyamavu akauweka pamoja na ushahidi wake mwingine.

Msimcheke haraka. Mimi ni mtu wa Kalemie, upande wa Congo, nimezaliwa nikiona ziwa Tanganyika dirishani. Yeye ni wa Bukavu, amelishwa sambaza, dagaa wa ziwa Kivu, tangu hajaota meno. Kwetu sisi wawili, mtu akisema anakwenda kuvua, anarudi na kitu cha kutia kwenye sufuria. Akirudi mikono mitupu mara moja, watu wanamwambia pole. Akirudi mikono mitupu majuma yote ya masika, na bado anapanda ngazi akipiga mluzi, basi huyo hakwenda kuvua. Hata mimi ningemshuku. Mama yangu mzazi angemshuku.

Na mimi mwenyewe, nisiwe mnafiki, nilianza kwa kushuku. Nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya wazee hapa Brussels, upande wa Woluwe. Mashuka, taulo, mashuka tena. Dereva aliyekuwa akileta na kuchukua mizigo alikuwa Mflama, Mbelgiji wa kaskazini, mtu wa maneno machache, masharubu meupe. Asubuhi moja ya masika ya huku, baridi ikiisha na jua likianza kurudi, aliniuliza natoka wapi, nikasema natoka kando ya ziwa, akatikisa kichwa akasema basi Jumamosi twende. Akanipa fimbo yake ya zamani ya kuvulia. Nikafurahi sana. Nikamwambia mke wangu atayarishe nyanya na limau.

Bwawa lenyewe ni dogo, lipo katikati ya bustani, na njia ya watu wa kukimbia inalizunguka. Halina kina. Pembeni penye matete maji yanafika magotini tu, na hapo ndipo Mflama alipoketi. Alinieleza kwamba masika yakianza, jua linapasha moto maji ya pembeni kwanza, na samaki wanatoka chini wanakuja huko kutaga. Kwa hiyo usitupe mbali. Weka boya karibu na ndoano, kiasi cha kiganja na kidole, tupa taratibu kando ya matete, kisha tulia.

Nilimpata wa kwanza kabla sijamaliza kahawa. Gardon, ndivyo wanavyomwita hapa: samaki wa fedha, mapezi mekundu, wa kutosha kiganja changu. Nikaangalia huku na huku nikitafuta jiwe la kumpigia kichwani. Mflama akanidaka mkono.

"Non, non, non!"

Akanionyesha. Unalowesha mikono kwanza, usije ukamtoa ule utelezi wa ngozi. Unachomoa ndoano polepole. Unamshusha majini umemshika, unangoja apate nguvu, halafu unamwachia. Akamwachia. Samaki wangu akaenda zake.

Nikabaki mdomo wazi. Nikamuuliza ni mgonjwa? Hapana. Ana sumu? Hapana. Sasa tumemvua wa nini? Akainua mabega. "Pour le plaisir." Raha tu! Halafu akaniambia ndiyo sheria ya bwawa lile, kila samaki anarudi majini, na mlinzi wa bustani anapita kuangalia.

Nikarudi nyumbani na hasira kwenye metro nzima. Nikajiambia huyu Mzungu ananifanya mjinga. Mimi narudisha, yeye anabaki nyuma na mfuko, usiku wanamla na mke wake kwa siagi. Jumamosi iliyofuata sikuangalia boya, niliangalia begi lake. Kila alipolifungua nilinyoosha shingo. Mwishowe akachoka, akaligeuza lote kwenye nyasi mbele yangu: mkate, jibini, chupa ya bia, soksi. Hapakuwa na samaki. Nikaona aibu, nikatazama bata.

Basi nikazoea. Baadaye nikapenda. Juma zima mashine zinanguruma, nikifika nyumbani televisheni, watoto wetu wawili wanagombania chaja, simu kutoka Kalemie inaniuliza nimewasahau? Kule bwawani hakuna aliyeniuliza kitu. Unakaa, unatazama kitu kidogo chekundu kinachoelea, na saa zinapita bila kukugusa. Mwaka uliofuata Mflama akastaafu, akahamia pwani kwa binti yake, na mimi nikaendelea peke yangu. Hapo ndipo nilipopoteza shahidi wangu wa pekee, ila sikujua kwamba nitamhitaji.

Mke wangu alinihoji mezani kwa utaratibu, akikunja vidole.

"Uko unaenda kukamata samaki."

"Ndiyo, maman." Kwetu mume na mke wanaitana hivyo, papa na maman.

"Unamukamata."

"Namkamata."

"Halafu unamurudisha mu maji. Muzima. Samaki wa kula."

"Ndiyo sheria ya kule."

"Papa," akasema, na akacheka kicheko kisicho na furaha hata tone, "unaniona miye mutoto wa maternelle?"

Mimi nimfanye mtoto wa chekechea! Kisha akaingia kwenye jiografia. Sisi tunakaa Berchem-Sainte-Agathe, mwisho wa mji huku, na Woluwe ni mwisho wa mji kule. Ukitaka kwenda unavuka Brussels yote. Yeye akataka kujua kwa nini mtu aache maji ya karibu aende ya mbali.

"Canal iko pale Molenbeek. Maji imejaa. Alors, kule Woluwe kuko nini?" Akajijibu mwenyewe. "Kuko hôpital. Kuko ba infirmières."

Nikamwambia simjui nesi hata mmoja, na kwenye canal, mfereji ule mchafu, hata samaki wenyewe wanaogopa kuingia. Hakucheka.

Nikaona nilete ushahidi. Jumamosi hiyo nikapata gardon mzuri, mnene, nikapigwa picha nimemshika kwa mikono miwili, nyuma yangu matete yanaonekana vizuri. Nikafika nyumbani kifua mbele, nikamwekea simu mbele ya macho. Akaishika. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanza na samaki, akapanda mikononi, akafika usoni.

"Mikono iko ya kwako," akasema.

"Si unaona!"

"Yote mbili iko kwa samaki."

"Ndiyo."

"Bon. Ni nani alikamata telefone?"

Eh! Jamani, hapo ningesema mwanamume, yangekwisha. Ila mimi nilikuwa na furaha ya mtu asiye na hatia, na mtu wa namna hiyo hapimi maneno.

"Mama mmoja tu alikuwa anapita na mbwa wake."

Alinirudishia simu polepole sana. Usiku huo nililala kwenye kiti cha sebuleni, na mwanamke mwenye mbwa akaingia rasmi katika ndoa yetu. Nikichelewa kidogo kazini, mke wangu aliuliza kama mbwa yuko salama.

Halafu yakaja ya funza. Chambo kizuri cha gardon ni funza weupe wanaouzwa kwenye kikopo, na wakikaa kwenye joto wanageuka nzi. Mflama aliniambia niwaweke kwenye frigo. Nikawaweka nyuma kabisa, chini ya mboga. Mke wangu yeye anafanya kazi ya kuosha na kuvisha wazee majumbani mwao, anarudi jioni miguu imevimba, na jioni hiyo alifungua kile kikopo akidhani ni wali uliobaki jana. Yowe alilopiga lilimfanya jirani wa chini agonge dari kwa ufagio.

"Yesu wangu! Iko inatembea!"

Nilimweleza. Nikamwonyesha ndoano, nikamwonyesha namna funza anavyotungwa humo. Kwa mara ya kwanza alionekana kusadiki kitu, lakini alichosadiki si uvuvi wangu. Alisadiki kwamba naficha vitu ndani ya nyumba yake. Akaanza kupekua mifuko.

Nikachoka. Mtu akisema kweli mwaka mzima na haaminiki, anatafuta njia nyingine. Jumamosi moja wakati wa kurudi nikashukia Molenbeek, nikaingia kwa muuza samaki, nikanunua samaki mmoja mkubwa, daurade. Nikamfunga kwenye gazeti na majani niliyochuma bwawani, nikampaka na tope kidogo. Ndiyo, tope. Nilikuwa najiona mjanja kupita kiasi.

Mke wangu alimpokea kwa mikono miwili, akaniambia asante papa, akaingia naye jikoni. Nikasikia mafuta yanachemka. Nikafungua bia. Watoto wakaja mezani, bukari, ugali wetu, ikaletwa, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wangu juu ya sahani kubwa, amekaangwa vizuri, pilipili pembeni. Nilikuwa nimeshamega tonge la kwanza.

"Papa," akasema, "kwa Woluwe kuko bahari?"

"Bahari? Hapana. Kwa nini?"

"Huyu ni samaki wa chumvi. Na kitu kingine." Akanisogelea. "Ulimukamata amekwisha kutolewa matumbo? Magamba alijitoa yeye mwenyewe?"

Muuza samaki! Kwa mazoea yake alikuwa amempasua, akamsafisha, akampara magamba, na mimi wala sikufikiria. Nilikuwa nimempaka tope samaki asiye na utumbo. Mtoto wetu mkubwa aliinamia sahani mabega yakimtikisika. Mke wangu hakucheka. Alisema maneno machache tu: sasa amejua kwamba naweza kumdanganya na kumtazama machoni. Na lilikuwa kweli.

Jambo likatoka nje ya nyumba. Alilipeleka kwenye kundi lake la maombi, kwa maman présidente, kiongozi wao, mama mmoja wa Lubumbashi mwenye sauti nzito. Huyu akasikiliza kila kitu: bwawa, funza, mikono mitupu, mluzi. Akafumba macho. Akasema hakuna infirmière hapo, wala hakuna mwenye mbwa. Mumeo amekamatwa na mamba muntu.

Kwa asiye wa Katanga, mkoa wetu, nieleze. Mamba muntu ni mwanamke wa majini: juu mtu, mrembo, nywele ndefu, chini mkia. Anampenda mwanamume, anampa mali, na yule mwanamume anakuwa wake. Anamwendea majini kila mara, na nyumbani anarudi mwili tu. Nimekua nikiona picha zake zimetundikwa sebuleni kwa watu. Sikudhani hata siku moja kwamba nitashtakiwa naye Ubelgiji.

"Mali yenyewe iko wapi?" nikamuuliza mke wangu. "Mimi nafua mashuka!"

"Labda hajaanza kulipa," akasema, na hakuwa anatania.

Walikuja nyumbani, maman présidente na wenzake, wakaimba, wakaipaka mafuta fimbo yangu ya kuvulia kuanzia mpini hadi ncha. Damu ilinichemka. Lakini mbele ya mama wa umri ule utafanya nini? Nilikaa kwenye kiti changu mikono magotini.

"Papa," maman présidente akaniuliza, "ukiwa kule kando ya maji, kuna sauti unasikia?"

"Nasikia bata, maman."

"Na unaporudi huku nyumbani, unajisikia namna gani?"

Ningemwambia nini, najisikia nimechoka? Wote walikuwa wananitazama. Mke wangu alinitazama kuliko wote, na katika macho yake niliona kitu ambacho hakikuwa hasira. Kilikuwa woga.

Juma lile nikakuta sanduku limesimama nyuma ya mlango wa chumba chetu, limefungwa. Sikuuliza, nikaambiwa.

"Jumamosi naenda na wewe. Batoto watabaki kwa jirani. Nikiona kwa macho yangu unakamata samaki, na unamurudisha vile unasemaka, nabaki na sitauliza tena. Nikikosa kuona, naenda kwa dada yangu Liège, na batoto bangu. Nimechoka kulala na muntu sijue anatoka wapi."

Dada yake huyo anakaa mji mwingine, na alikuwa ameshatayarisha chumba. Ndoa yangu yote, watoto wangu wawili, vikaning'inia kwenye mdomo wa gardon.

Jumamosi ikafika na upepo. Alivaa koti lake la kanisani, akabeba kiti cha kukunja na chupa ya chai. Ndani ya metro aliketi mbele yangu akitazama kila mwanamke aliyeingia, halafu akinitazama mimi kuona kama nimemtambua. Kwenye bustani alitembea hatua moja nyuma yangu.

Tulipokaribia bwawa, nikaona kitu kikanishusha moyo. Mwanamke na mbwa wake wanakuja moja kwa moja kwetu.

"Ah, bonjour monsieur! Ça mord?"

Aliuliza kama samaki wanagusa ndoano. Alikuwa bibi wa miaka mingi, mgongo umepinda, mbwa naye mzee, haoni vizuri. Mke wangu alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. Nikasubiri apumue. Badala yake akaninong'oneza:

"Njo huyu?"

"Ndiye huyu."

"Hmm." Akamfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya miti. "Zamani alikuwa muzuri," akasema. Aka!

Akafungua kiti chake, akakaa, akakunja mikono. Nami nikafanya kosa ambalo Mflama angenipigia kelele. Nilitaka mke wangu aone samaki mkubwa, samaki wa kufunga midomo ya Brussels nzima, kwa hiyo nikatupa mbali, katikati ya bwawa, kwenye kina. Boya likakaa juu ya maji. Likakaa. Upepo ukalisukuma, nikalirudisha. Nikabadilisha funza. Mke wangu akageuza uso funza walipotoka, kisha akaurudisha, maana hakutaka kupitwa na kitu.

Hakuna kilichogusa. Chai ikaisha. Watu wa kukimbia walipita, wakapita tena wakitoka upande mwingine. Nilianza kuwasihi samaki kimoyomoyo. Nikafikiria chumba cha Liège, kitanda cha watoto kikitolewa Berchem kwa ngazi, kwa sababu gardon wa Woluwe leo hawana njaa.

"Papa," akasema bila ukali, "bon, twende. Kunakuwa baridi."

"Ngoja kidogo tu."

"Hata nikikuhurumia, sijaona kitu."

Hapo wingu likapasuka, jua likapiga kwenye matete, na akili zikanirudia. Maji ya magoti! Nikakusanya vitu vyangu, nikashuka kwenye kona ile yenye matope, nikateremsha boya mpaka kiganja na kidole. Nikachuchumaa ili kivuli changu kisianguke majini. Nikatupa taratibu, sentimita chache kutoka kwenye matete, kwenye maji unayoweza kuona chini yake. Niliweza kuwaona: vivuli vidogo vyembamba vikizunguka.

Boya likatetemeka. Likalala upande. Likazama.

Nikainua. Fimbo ikapinda, nikahisi ule uzito mdogo unaopiga, na sijui ni nini hunitokea wakati ule, kwa sababu kuanzia hapo nilisahau. Nilisahau sanduku, nikasahau Liège, nikasahau kwamba kuna mtu amekaa nyuma yangu. Nikaweka mikono majini, nikamshika. Alikuwa jike, tumbo limejaa mayai, mapezi mekundu sana. Ndoano ilikuwa imeshika pembeni ya mdomo. Nikaichomoa. Nikamshusha majini nikamshikilia chini ya tumbo, nikangoja mashavu yake yafunguke na kufungika, nikaona mkia unapata nguvu. Nikamwachia. Akakaa kidogo pale pale kati ya viganja vyangu, kisha akaondoka.

Ndipo nikakumbuka. Nikageuka haraka, mikono inadondosha maji.

"Umeona? Umeona sasa! Nilikuambia nini?"

Mke wangu alikuwa amesimama karibu yangu. Alikuwa amekuja mpaka kwenye matope na viatu vyake vya kanisani, na mimi sikumsikia. Nilitegemea acheke, au anitukane, au aseme basi yamekwisha. Kwa maneno yake mwenyewe nilikuwa nimeshinda.

"Ulikuwa unamuambia nini?" akaniuliza.

"Nani?"

"Samaki."

"Sikusema kitu."

"Ulisema." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulisema, pole mama. Pole sana, mama, najua inauma, enda polepole."

Naapa sikujua kwamba nasema na samaki. Hakuna mtu wa Kiswahili aliyewahi kuwa nyuma yangu anisikie.

"Miye naingia jioni," akasema, "mugongo iko inaniuma, mikono iko inanuka dawa ya bazee, unaniuliza chakula iko wapi. Pole, unaniambiaka lini?"

"Maman..."

"Na ile uso. Sikujua kama iko ingali kwako ile uso. Nilizania ilibakia Congo." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, kwa hasira, mtu anayefukuza nzi. "Heri ungekuwa na mwanamuke. Mwanamuke ningekuja hapa, ningemukamata nywele, ningemupiga, tungemaliza. Sasa maji, nitaikamata wapi?"

Nilitafuta neno. Mimi mwenye maneno mengi, niliyebishana naye mwaka mzima kuhusu mikono na simu na mbwa, sikupata hata moja. Nadhani lilikuwepo lile moja tu, na alikuwa ametoka kulitaja, na kulisema wakati ule ingekuwa kumpa kwa sababu tu ameomba.

Alikunja kiti chake. Alichukua chupa ya chai. Akapanda kuelekea njiani, polepole, akisaidia goti kwa mkono, na mimi nikaiokota fimbo kutoka kwenye nyasi. Nilitaka kukunja vitu, nimfuate, naapa. Lakini ndoano ilikuwa bado ina funza, mshipi ukining'inia, na mkono wenyewe, kwa mazoea tu, ukautupa kando ya matete wakati nikifikiria nitamwambia nini. Nikasema nitamfuata sasa hivi. Boya likatetemeka, nikalitazama. Likalala upande, nikavuta.

Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama njiani, amenigeukia, kiti kwapani. Alikuwa ananingoja. Na mimi nilikuwa nimechuchumaa pale, mikono yangu miwili ikiwa tayari imeingia majini.